Hema Langu, Mkutano Wao

Walionisoma wiki iliyopita waliniacha nimevishwa mkufu wa umeya, natabasamu kama mtu aliyebanwa kidole na mlango mbele ya wakwe. Kwa yule ambaye ukurasa huu umemfikia ukiwa umefungiwa misumari dukani, nimweleze kwa kifupi ili asije akapotea njiani.

Mimi ni mkodishaji wa mahema, viti na spika. Siasa sikuwa naijua. Hakuna mtaa katika mji wetu ambao sijautandikia hema, kwa harusi au kwa msiba, na watu wameniita Mahema kwa muda mrefu hadi mama mkwe wangu akasahau jina langu la kweli. Mgombea wa chama alipohamia upande wa pili siku chache kabla ya kura, chama kikawa kinatafuta mtu ambaye kila nyumba inamjua na hakuna nyumba inayomchukia. Wakanikuta juu ya ngazi, nafunga kamba. Niliposhuka, nilikuwa mgombea.

Nikashinda. Sasa sikilizeni nilichoshinda.

Kwanza, simu yangu anaishika Katibu. Katibu wa chama, mtu mwembamba, mpole, hatoki jasho hata jua likiwa la utosi. Anasema anaishika ili Mheshimiwa asisumbuliwe. Dereva nikimwambia kata kulia, anamtazama Katibu kwenye kioo kwanza. Hata chai yangu ofisini inakuja na sukari anayoitaka Katibu. Mimi niliyezoea kuwafokea watu kwa kigingi kilichokaa upande, nimegeuka mgeni katika maisha yangu mwenyewe.

Lakini yote hayo niliyavumilia. Lililonivunja ni soko la zamani, na ndani ya soko, Dada.

Dada yangu ndiye aliyenilea. Mama yetu alifariki nikiwa bado sijui kufunga vifungo vya shati. Dada akaacha shule, akakaa kwenye cherehani katika kiduka kimoja ndani ya soko lile, na hajainuka hadi leo. Hema langu la kwanza alilishona yeye, kwa turubai chakavu la lori. Hana mume, hana mtoto. Ana soko, na ana mimi.

Nimemwomba mara nyingi aje akae kwangu.

"Nije nikae nifanye nini?" ananijibu. "Niangalie ukuta wako, na ukuta uniangalie?"

Basi wiki ile nilisikia minong'ono kwamba soko linavunjwa, kiwanja anapewa mwekezaji ajenge jengo la ghorofa. Nikaenda kwa Dada mchana kweupe, Katibu nyuma yangu na simu yangu mkononi.

Nilimkuta anapinda sare ya shule. Hakuinua kichwa.

"Mdogo wangu, wanasema soko linavunjwa."

"Nani wanasema?"

"Wote. Hata muuza ndoo, ambaye usipomwita kwa kelele hasikii, hili kalisikia."

"Dada, baraza halijakaa. Na likikaa, mwenyekiti ni mimi."

Akasimamisha cherehani kwa kiganja. Akavua miwani.

"Mimi sikuulizi wewe Meya. Namuuliza yule niliyekuwa namfulia nepi. Linavunjwa?"

"Halivunjwi. Nikiwa mimi ndiye niliyekaa pale, halivunjwi."

Akanitazama kidogo, kisha akarudisha miwani.

"Haya. Ila nikuambie kitu kimoja. Ukubwa una mambo yake, najua. Siku ikitokea umeshindwa, usinionee haya ukaanza kunikwepa. Niambie. Kama huwezi kuja, mtume mtu. Nitaelewa."

"Hakutakuwa na cha kuelewa, Dada."

Alitoka mlangoni, akaipazia sauti safu nzima ya maduka: "Mdogo wangu kasema halivunjwi. Fanyeni kazi."

Nanyi mjue jambo hili. Mle sokoni umeya wangu hauna thamani ya kizibo cha chupa. Wanaloliamini ni neno la Dada. Yeye ndiye anayewatunzia watoto wao wakienda hospitali, yeye ndiye anayewaamulia wakigombania kivuli cha kuwekea bidhaa. Akisema kaeni, wanakaa. Nikasikia nyundo za mafundi sufuria zikianza tena, na moyo wangu ukatulia. Nilitoka mle nikitembea kama bwana harusi.

Katibu alikuwa mlangoni muda wote, anachezea simu yangu.

Ofisini nikamkabili.

"Katibu, habari ya soko ikoje?"

"Soko lipi, Mheshimiwa?"

"Kwani tuna masoko mangapi?"

"Aa, lile. Hilo bado liko juu."

"Juu wapi? Mimi si ndiye niliye juu?"

Akacheka kwa adabu, mkono mdomoni. "Mheshimiwa ana utani sana. Hakuna kitakachofanyika bila wewe kuwepo. Hilo nakuahidi."

Kumbukeni neno hilo, mimi nililimeza zima zima.

"Ila Jumamosi," akaendelea, "kuna shule moja, mwisho kabisa wa mji. Wazazi wamejenga choo kipya. Wanaomba wewe ukifungue, na wamesema si mwingine ila wewe."

"Wamesema hivyo?"

"Kwa midomo yao."

Nikafurahi. Jamani, mtu mzima na akili zangu nikafurahia choo. Mtu asiye na kazi hupokea yoyote anayopewa, na mimi tangu nivae ule mkufu sikuwa na kazi.

Jumamosi asubuhi akaja Shemeji, kaka wa mke wangu. Meya haruhusiwi kuendesha biashara yake mwenyewe, kwa hiyo nilimkabidhi yeye. Shemeji ni mtu wa kufuata maagizo. Ukimwambia akae hapa usiku kucha, asubuhi utamkuta hapo hapo, na atakuuliza kama ulitaka akae ameangalia upande gani.

Alikuja kuchukua nguzo za hema kubwa, ambazo bado nilikuwa nazihifadhi stoo nyuma ya nyumba.

"Tuna shughuli kubwa leo," akasema.

Nami sikumuuliza shughuli ya nani. Sikumuuliza ni wapi. Na hapa lazima niwaeleze, maana hapa ndipo nilipojitia kitanzi kwa mikono yangu.

Katika kazi yetu ya mahema mimi nina sheria, na kila niliyemwajiri ameilia kiapo: mteja haulizwi shughuli ni ya nini. Ukishamuuliza umeshaingia ndani ya mambo yake. Asubuhi nafunga hema la chama hiki, jioni la chama kile, na wote wananiita rafiki. Familia mbili zinagombania maiti, mimi natandika viti. Aliyelipa kwanza ndiye mwenye shughuli. Na tukishamaliza kufunga tunamkabidhi maiki na ufunguo wa jenereta, hadi jua litue. Yeye ndiye anayepanga nani aongee na nani anyamaze. Hata akija baba yangu mzazi kutaka kuongea, anamwomba mteja.

Sheria hiyo ndiyo iliyonitajirisha. Haijawahi kunigeuka hata siku moja.

"Spika gani unachukua?" nikamuuliza Shemeji.

"Hizi za kati."

"Uwanja uko wazi au una kuta?"

"Wazi."

"Basi chukua zile kubwa. Zipandishe juu ya meza, upepo usije ukameza maneno. Na mapazia?"

"Yale meupe yamelowa, hayajakauka. Yamebaki yale ya kampeni tu, yenye sura yako."

"Funga hayo hayo. Sura yangu haimng'ati mtu."

Nikavua shati, nikabeba nguzo naye, fulana mwilini. Mke wangu akachungulia dirishani.

"Meya mzima unabeba vyuma?"

"Niache, mama. Hii ndiyo kazi ninayoijua."

Na kweli, ndiyo saa pekee wiki ile niliyojisikia mtu. Nilikagua kila kamba. Nilimwonyesha Shemeji namna ya kulisimamisha hema ili watu waonekane wengi kuliko walivyo, ujanja ambao huwa simwambii kila mtu. Gari likaondoka, nikalipungia mkono.

Kisha nikavaa suti na mkufu, nikaenda kufungua choo. Katibu hakuja, alituma salamu kwamba ana mafua.

Safari ilikuwa ndefu. Tulipofika, geti la shule lilikuwa na kufuli. Hakuna wazazi, hakuna watoto, hakuna hata utepe. Alikuwepo mlinzi amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anajikwangua soli ya kiatu.

"Nimekuja kufungua choo," nikasema, na mkufu wangu shingoni.

Akanitazama kwa huruma.

"Choo kilishafunguliwa zamani, Mheshimiwa. Kinatumika. Hata sasa mwalimu yumo ndani."

Nikageuka kumtazama dereva. Dereva akatazama matairi.

Hapo hapo simu yake ikaita. Akaitazama, akasita, akanipa. Alikuwa mke wangu.

"Uko wapi wewe?"

"Nafungua choo."

"Kifunge uje. Mahema yako yamesimama uwanja wa soko. Sura yako imening'inia pande zote. Watu wamejaa, na dada yako amekaa mstari wa mbele."

"Shughuli ya nini?"

"Unaniuliza mimi? Meya si wewe? Kuna tingatinga nyuma ya soko. Nimeliona kwa macho yangu."

Nguzo zile nilizibeba mimi. Zile spika kubwa nilizichagua mimi.

"Turudi," nikamwambia dereva.

"Mheshimiwa, nimeagizwa tusirudi mpaka nipigiwe."

"Umeagizwa na nani?"

"Mheshimiwa anajua."

"Mimi ndiye Meya."

"Ndiyo, Mheshimiwa," akajibu kwa heshima zote, na mkono wake haukugusa ufunguo.

Sikubishana naye. Nikavua mkufu, nikautia mfukoni, nikatoka barabarani mguu mosi mguu pili hadi nikapata pikipiki ya abiria.

"Unafanana na Meya," kijana wa pikipiki akaniambia tukiwa njiani.

"Naambiwa."

"Yeye leo anavunja soko. Kauza watu wake yule."

Nikajifuta macho, upepo wa njiani ulikuwa umeyajaa.

Tulifika. Ole wangu. Hema lilikuwa limesimama vizuri, hilo siwezi kulikana. Shemeji alifanya kila nilichomfundisha. Kamba zimenyooka, watu wanaonekana elfu na elfu, na kila pazia lina sura yangu inacheka. Sura zangu zilikuwa zimezunguka uwanja mzima, zinachekelea soko la dada yangu.

Watu waliponiona wakanipisha njia. Wengine walipiga makofi. Mmoja alitema mate pembeni, akaangalia kando. Sikujua lipi liliniuma zaidi.

Nikaenda moja kwa moja kwa fundi wangu wa mitambo, aliyekuwa nyuma ya meza na waya zake. Fundi huyu tumeanza naye tangu nikiwa na spika moja inayokoroma.

"Nipe maiki."

"Siwezi, bosi."

"Umesema?"

"Bosi, mteja hajaniruhusu. Amesema anayeongea ni yule anayeitwa tu."

"Fundi, hizi spika za nani?"

"Zako."

"Na hilo hema?"

"Lako. Lakini shughuli ni yao, mpaka jua litue. Bosi, si wewe uliyenifundisha? Unakumbuka ile harusi niliyompa maiki mchumba wa zamani wa bibi harusi? Ulinisimamisha kazi hadi nikauza kitanda."

"Leo nakuruhusu."

"Na siku ile ulisema hata ukija wewe mwenyewe ukaniambia umeniruhusu, nikukatalie."

Ni kweli. Nilisema maneno hayo, tena kwa majivuno.

"Zima jenereta basi."

"Ufunguo tumeshawakabidhi." Akainamisha kichwa. Macho yake yalikuwa yamejaa maji, maana yeye pia mama yake anauza nyuzi mle sokoni. "Bosi, nilijua umekubali. Nimeona sura yako kila mahali, nikajua umekubali."

Nikageuka nipande jukwaani nipige kelele kwa mdomo mtupu. Askari wawili wakasimama mbele yangu kwa unyenyekevu mkubwa.

"Mheshimiwa subiri zamu yako, ratiba inakwenda."

Na pale jukwaani, mshereheshaji akatangaza: "Sasa tumsikilize mama yetu, anayewakilisha wafanyabiashara wa soko!"

Dada akainuka.

Alikuwa amevaa gauni lake la bluu, lile la kwenda nalo kwenye mambo ya maana. Akapanda polepole, anashikilia pembe ya meza. Akapewa maiki, akaishika mbali na mdomo kama mtu anayeogopa kuungua. Lakini spika zilikuwa kubwa, na niliagiza ziwekwe juu. Kila neno lilifika.

"Wenzangu," akasema. "Mnanijua. Sijawahi kuwadanganya. Wiki hii niliwaambia soko halivunjwi. Leo nimesimama kuwaambia nilikosea."

Minong'ono ikapita uwanjani.

"Mdogo wangu amejitahidi. Amepigana huko juu, ameshindwa. Akaona haya kuja kuniambia, akamtuma mtu. Nami nimemwelewa. Amesema tukitoka kwa amani, vyumba vya chini vya jengo jipya ni vyetu. Tutapewa muda wa kutoa vitu vyetu bila kubughudhiwa. Amesema hivyo, na mimi mtoto yule nimemlea, hawezi kunidanganya. Kwa hiyo mimi natangulia."

Akatoa ufunguo wa duka lake kwenye fundo la kanga aliyojifunga begani, akauweka kwenye sinia lililokuwa mezani.

Nilipiga kelele. Nilisema, "Dada, sikumtuma mtu!" Nilisema hivyo kwa nguvu zangu zote, na hakuna aliyenisikia, kwa sababu ngoma na muziki vilifunguliwa papo hapo. Fundi alifuata ratiba ya mteja.

Muuza ndoo akapanda, akaweka ufunguo wake. Akafuata mama yake Fundi. Wakafuata mafundi sufuria. Walikuwa wanapanda mmoja mmoja, wengine wanalia, hakuna aliyebishana. Wangebishana na mwekezaji, wangebishana na mimi, wangewarushia askari mawe. Kwa Dada hawakubisha.

Nikahisi mtu kasimama ubavuni mwangu. Katibu. Mafua yalikuwa yamepona.

"Umemwambia nini dada yangu?"

"Yale ambayo ungemwambia, Mheshimiwa, kama ungekuwa na nafasi. Alisema utume mtu. Nilikuwepo."

"Vyumba vya chini vipo?"

Katibu akatazama kucha zake. "Hilo bado liko juu."

"Katibu, wewe huna Mungu?"

"Ninaye. Na pia nina zamu yako hapa kwenye ratiba." Akanishika kiwiko kwa upole, kama anavyoshikwa mgonjwa. "Nilikuahidi hakuna kitakachofanyika bila wewe kuwepo. Nilipanga uje mwishoni, dereva akulete kwa wakati wake. Umewahi kidogo, si neno. Mheshimiwa, maiki hii hapa. Sema unachotaka. Hakuna atakayekuzuia."

Akaniwekea maiki mkononi. Muziki ukazimwa.

Sasa nilikuwa na sauti. Ile niliyoililia tangu nishuke kwenye pikipiki, nimepewa bure, na mtu yule yule. Nikaelewa kwa nini amenipa.

Nikisema kweli, kwamba sijui lolote, sikumtuma mtu, sikuahidi vyumba, basi Dada ndiye aliyesimama hapa akawatoa watu kwenye riziki yao kwa uongo. Funguo zimo kwenye sinia. Watu wamejaa hasira na hawana pa kuitupia. Wangemrukia yeye. Mimi nina askari wawili, yeye ana miwani na kanga.

Nikinyamaza, au nikisema ndiyo, nimelizika soko kwa kinywa changu.

Nikaangalia mstari wa mbele. Dada alikuwa amerudi kitini, mikono mapajani, hana cha kushika. Aliponiona na maiki, uso wake ukachanua. Akanipigia makofi, peke yake, taratibu.

Nikaamua nipate muda. Nianze na salamu tu, maneno matupu, huku nikitafuta la kusema.

"Ndugu zangu wa soko," nikasema.

Hilo tu. Wala sikuvuta pumzi ya pili.

Nyuma ya soko, tingatinga likaunguruma. Kumbe salamu yangu ndiyo waliyopangiwa. Dereva wa lile dude aliambiwa akisikia tu sauti ya Meya kwenye spika, awashe. Na zile spika zilisikika vizuri, hata kule nyuma zilisikika.

Ukuta wa kwanza ukaanguka. Vumbi likapanda juu ya paa, likatufuata hadi chini ya hema. Watu wakasimama, viti vikaanguka. Humo ndani kulikuwa na bidhaa zao zote, mizani, majora ya vitambaa, sufuria ambazo hazijamalizika. Ilikuwemo cherehani.

"Simamisha!" nikapiga kelele kwenye maiki. "Simamisheni!" Lile dude lilikuwa limeshawaka, na mwenye kuliendesha hasikii tena kitu isipokuwa injini yake. Nikamtafuta Katibu. Hakuwepo. Sinia la funguo nalo halikuwepo.

Watu hawakunikimbilia mimi. Walimgeukia Dada. Mama yake Fundi alimshika bega, na muuza ndoo, yule asiyesikia, alikuwa anamuuliza kitu kwa kelele usoni mwake, tena na tena. Wengine wakaanza kusogea wakimzunguka. Askari wangu hawakutikisika, wao waliagizwa kunilinda mimi.

Dada akapenya katikati yao. Hakuwa analia, wala hakuwa na hasira, na ningeshukuru kama angekuwa nayo. Akaja hadi jukwaani, akapanda ngazi ile ile, akasimama mbele yangu na vumbi kwenye miwani.

"Mdogo wangu," akasema, "si ulisema watatupa muda tutoe vitu?"

Maiki ilikuwa kati yetu, mkononi mwangu, na ilikuwa wazi. Swali lake likatoka kwenye kila spika. Watu wakageuka wote, wakaacha hata kulitazama soko lao, wakanitazama mimi, wakisubiri nimjibu dada yangu.